Ukimaliza majina, geuza karatasi

Kila mwaka wa uchaguzi mkuu, makundi yetu ya WhatsApp hapa Lowell, Massachusetts, huanza kuchemka mapema mwezi wa tisa. Nani atachukua Ikulu, nani atachukua Seneti, nani kasema nini kuhusu wahamiaji. Nayasoma yote, na mengi nayajibu. Lakini kuna jambo ambalo ni nadra kuona mtu akiligusa, ilhali ndilo linaloingia moja kwa moja kwenye mifuko yetu na kwenye madarasa ya watoto wetu: yale maswali yanayochapishwa baada ya majina ya wagombea, mara nyingi upande wa pili wa karatasi ya kura. Je, jimbo likope kiasi hiki lijenge shule? Je, kodi fulani iongezwe ilipie barabara? Jibu ni Ndiyo au Hapana. Wengi wetu tukishamaliza rais na mjumbe wa Kongresi tunaiingiza karatasi kwenye mashine, tunabandikwa kibandiko cha kuonyesha tumepiga kura, tunakimbilia zamu ya kazi.

Ndugu zangu wenye uraia, nawaomba msiyaache wazi maswali hayo. Tena naomba zaidi ya hapo. Swali likiomba fedha za shule, vyuo, maji, madaraja au usafiri, na masharti yake yakawa yanaeleweka, lijibuni Ndiyo. Nitaeleza sababu zangu, na gharama sitazificha.

Nianze na kutoamini, maana najua ndiko tunakoanzia wengi. Sisi Wakenya tuliona serikali ikichukua Eurobondi, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 mwezi Juni 2014, kisha tukakaa miaka tukiulizana ni mradi gani hasa uliojengwa kwa fedha zile. Tuliona reli ya Mombasa hadi Nairobi ikijengwa kwa mkopo wa China, na wananchi wakidai kwa miaka kuonyeshwa mikataba ambayo wao ndio wanaoilipa. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia hadi ndani ya Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wengine wakauawa barabarani, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wana simulizi zao, na si nyepesi kuliko zetu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia kwamba serikali inataka kukopa au kuongeza kodi, mkono wake unaenda kwenye Hapana kabla hajamaliza kusoma. Simlaumu. Amefundishwa hivyo na maisha.

Lakini angalia tofauti. Kule tulijua habari za deni baada ya fedha kuliwa au kutumika. Hapa, katika majimbo mengi, anayetaka kukopa lazima aje kwako kwanza, akuandikie kiasi na kazi ya fedha hizo kwenye karatasi, halafu akae angoje jibu lako. Haki hiyo haikutoka kwa wanasiasa wenye roho nzuri. Miaka ya 1830 majimbo ya Marekani yalikopa kwa pupa kuchimba mifereji, kujenga reli na kuanzisha benki. Mwaka 1837 uchumi ukaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 majimbo manane pamoja na Florida, ambayo wakati huo haikuwa jimbo bado, yakashindwa kulipa madeni yao. Wananchi walikasirika, na hasira yao wakaiandika katika katiba. Rhode Island, majirani zetu hapa, waliweka sharti kwenye katiba yao ya 1842 kwamba bunge lisikope zaidi ya dola 50,000 bila ridhaa ya wananchi. Ohio mwaka 1851 wakaweka ukomo wa dola 750,000 kwa deni la jimbo zima. Tarakimu hiyo ingali pale pale. Leo dola 750,000 hazikununulii nyumba ya familia moja katika vitongoji vingi vya Boston, sembuse kujenga daraja. Ndiyo maana Ohio ikitaka kukopa kwa ajili ya mabomba ya maji, inabidi iwarudie wananchi.

Kwa maneno mengine, watu wa karne ya 19 walioona yale tuliyoyaona sisi walidai waulizwe, na wakapata. Sisi tuliowarithi tunaulizwa, kisha tunaacha nafasi tupu. Hilo linaniuma kweli.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wa hapa hapa Massachusetts. Katiba ya jimbo letu, kupitia marekebisho ya mwaka 1915, ilitaka kodi ya mapato ya aina moja itozwe kwa kiwango kimoja kwa watu wote. Anayeogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea na mwenye kampuni ya uwekezaji walikuwa wakikatwa asilimia ile ile ya mapato yao. Mara tano, 1962, 1968, 1972, 1976 na 1994, wananchi waliulizwa kama wanataka viwango viongezeke kadiri mapato yanavyopanda, na mara zote tano wakakataa. Mwaka 2018 muungano wa vyama vya wafanyakazi, makanisa na vikundi vya mitaa ulikuwa umekusanya saini za kutosha kulipeleka swali tena, lakini mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikalitupa kabla halijafika kwenye karatasi, kwa kuwa lilichanganya mambo ambayo katiba hairuhusu wananchi kuyafunga pamoja katika ombi moja. Wakaanza upya kupitia bunge. Njia hiyo inataka wabunge wapitishe jambo lile lile katika mabunge mawili yanayofuatana. Likapita 2019, likapita tena 2021, na Novemba 2022 likatufikia kama Swali la 1: mtu anayepata zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka alipe asilimia 4 ya ziada juu ya kile kinachozidi milioni hiyo, na fedha ziende kwenye elimu ya umma na usafiri.

Nilijiunga na waliokuwa wakibisha hodi mlango kwa mlango. Nilipangiwa mitaa ya Highlands na sehemu ya Acre, jioni za mwezi wa kumi ambapo giza huingia mapema na vidole vinaanza kufa ganzi. Mlango mmoja ulifunguliwa na mama wa makamo, leso kiunoni, televisheni inapiga kelele nyuma yake. Kumbe ni wa kwetu. Hakutaka tuongee mlangoni.

"Ingia kwanza mwanangu, baridi hiyo. Hayo makaratasi yako utanisomea ndani."

Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Akanimiminia chai, akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema neno ambalo nimelisikia kwenye milango mingi tangu siku ile: "Kodi huanza kwa tajiri ikaishia kwenye unga. Leo ni wao, kesho ni mimi."

"Mama, wewe kwa mwaka unapata ngapi?"

Akacheka. Tukachukua bahasha iliyokuwa mezani tukapiga hesabu nyuma yake. Mtu aliyepata milioni 1 kamili, halipi cha ziada hata senti. Aliyepata milioni 1 na laki moja, anakatwa asilimia 4 ya ile laki moja peke yake, yaani dola 4,000. Yeye, kwa zamu zake mbili, angehitaji kufanya kazi miaka mingi sana ili mapato yote ya maisha yake yafike hapo. Kisha nikamwonyesha kipengele ambacho ndicho kilichojibu hofu yake: ukomo wa milioni moja uko ndani ya katiba yenyewe, na unapandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Bunge haliwezi kuamka asubuhi likaushusha hadi kwenye mshahara wake. Likitaka kuushusha, lazima lirudi kwake kumwomba kura tena.

Aliuliza swali jingine, na hilo nililiheshimu zaidi: "Na nani atahakikisha wanazipeleka shuleni?" Nikamwambia ukweli. Kifungu kinasema fedha ni za elimu na usafiri, lakini mgao wa kila mwaka unabaki mikononi mwa bunge. Waliopinga swali lile walilisema hilo kwa nguvu, kwamba bunge linaweza kutia fedha mpya kwa mkono mmoja na kutoa za zamani kwa mkono wa pili. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni watu kuendelea kufuatilia bajeti baada ya kura, na kwa bahati nzuri jimbo liliweka mfuko wa pekee ambamo makusanyo ya kodi hii yanahesabiwa kando, kwa hiyo anayetaka kufuatilia ana pa kuanzia.

Swali lilipita kwa takriban asilimia 52 dhidi ya 48. Kati ya Ndiyo na Hapana palikuwa pembamba hivyo. Katika bajeti ya kwanza bunge lilipanga kutumia dola bilioni 1 kutokana na kodi hiyo. Makusanyo ya mwaka huo wa fedha yalizidi bilioni 2. Tuliambiwa matajiri watafungasha wakimbilie Florida na New Hampshire. Bila shaka wapo waliohama, na wengine watahama, lakini makusanyo hayakushuka chini ya makadirio, yalipanda mara mbili.

Sasa fedha zile zimefanya nini? Nitataja vitu ninavyoviona kwa macho, maana ripoti za bajeti kila mtu anaweza kuzisoma.

Chakula cha mchana shuleni kimekuwa bure kwa watoto wote wa shule za umma, na tangu 2023 mpango huo ni wa kudumu. Mzazi asiyewahi kupitia ile fomu ya zamani hawezi kujua uzito wa jambo hili. Kila Septemba ilikuwa lazima uandike mko wangapi nyumbani, nani anafanya kazi wapi, kila mmoja analipwa kiasi gani. Nyumba yenye watu wenye hadhi tofauti za uhamiaji, na nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, iliiogopa fomu hiyo kama barua ya mahakama. Wengine hawakuijaza kabisa. Mtoto akawa anabeba deni la chakula bila mzazi kumwambia mtu, na watoto wanajua nani ana deni, hata walimu wakijitahidi kuficha. Siku hizi mtoto anachukua sinia, anakaa na wenzake, anakula. Mwanangu wa mwisho hajui kabisa kwamba kuna wakati mambo yalikuwa vingine.

Halafu vyuo vya jamii. Mwaka 2023 jimbo lilianza kulipa karo ya vyuo hivi kwa wakazi wenye miaka 25 na kuendelea ambao hawajawahi kupata digrii. Mwaka 2024 likafungua mlango kwa umri wote. Kwa jamii yetu hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolisema. Wengi wetu tulipofika hapa tulianza kama wasaidizi wa wauguzi: kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumlisha, kuandika kila kitu kwenye chati. Ni kazi ya heshima, lakini mgongo unaisha na mshahara haupandi. Kutoka hapo hadi kuwa muuguzi kamili kuna ukuta mmoja, nao ni karo pamoja na muda.

Kuna dada tunayesali naye ambaye aliuangalia ukuta huo kwa miaka. Anafanya zamu ya usiku, anatoka saa moja asubuhi. Alishawahi kuanza masomo akayaacha kwa sababu ya ada, akarudi, akayaacha tena mtoto wake alipougua. Mpango huu ulipoanza alirudi Middlesex Community College. Siku moja baada ya ibada alinionyesha simu yake, ukurasa wa hesabu yake ya chuo. Juu paliandikwa karo na ada za muhula, chini yake mistari ya makato, na mwisho kabisa sifuri. Alikuwa amepiga picha ukurasa ule na kuutuma kwa mama yake Eldoret. Kwenye mkoba alikuwa na kadi ndogo alizoandika kwa mkono majina ya mifupa ya mwili, zimefungwa kwa mpira wa nywele, na makunjo yake yalionyesha zimepitiwa mara nyingi kwenye mapumziko ya saa tisa usiku. Akimaliza, hospitali zinazolia kila siku kwamba hazina wauguzi zitampata mmoja. Ndio maana nasema fedha hizi ni uwekezaji. Jimbo linamlipia karo leo, kesho linapata muuguzi, na kodi yake ya mshahara mpya inarudi kwenye hazina ile ile.

Mabasi nayataja kwa ufupi. Worcester waliacha kutoza nauli mwaka 2020, na fedha za kodi hii zimesaidia mabasi ya mikoa kadhaa kuendelea kubeba watu bila nauli. Mwaka 2024 treni na mabasi ya Boston yalianza kuwapa watu wa kipato kidogo nauli nusu. Anayepanda basi mara mbili kwa siku kwenda kusafisha ofisi anajua tofauti hiyo mwisho wa mwezi.

Wanaonisoma kutoka majimbo mengine, maswali yenu yana sura tofauti, kwa hiyo msichukue ya Massachusetts mkayaweka kwenu bila kusoma. Ndugu zetu wa Kongo walioko Columbus na Dayton, Ohio, waliulizwa tarehe 6 Mei 2025 kama jimbo likope hadi dola bilioni 2.5 kwa miaka kumi, kwa ajili ya barabara, madaraja, maji safi na maji taka, bila kodi mpya. Mpango huo uliidhinishwa mara ya kwanza 1987 na umekuwa ukirudishwa kwa wananchi kila unapokaribia kwisha. Ulipita kwa zaidi ya theluthi mbili, lakini uchaguzi wa mwezi wa tano ni ule ambao watu wengi hawajui hata kama upo. Texas, ambako watu wetu wamejaa Houston, Dallas na Fort Worth, Novemba 2025 waliulizwa kama hadi dola bilioni 1 kwa mwaka kutoka kodi ya mauzo ziende kwenye mfuko wa maji kwa miaka 20 kuanzia 2027. Takriban asilimia 70 wakasema Ndiyo. Hao ni watu wa Texas, wanaochukia kodi kuliko sisi wote, lakini mabomba yanayovuja hayana chama.

California ndiko kunakofundisha zaidi, kwa mema na kwa gharama. Machi 2024 walipiga kura ya mkopo wa karibu dola bilioni 6.4 kwa ajili ya matibabu ya afya ya akili na makazi ya wasio na nyumba. Kura zilipigwa zaidi ya milioni 7, na tofauti kati ya Ndiyo na Hapana haikufika 30,000. Siku zikapita kabla ya kujulikana nani ameshinda. Miaka minne kabla, Machi 2020, mkopo wa dola bilioni 15 wa majengo ya shule ulianguka. Kwenye karatasi ulipewa namba 13, namba ile ile ya pendekezo maarufu la mwaka 1978 lililoiwekea kodi ya nyumba ukomo, na wapo waliosema kwamba wapiga kura walichanganya mambo hayo mawili. Mtu anayesoma swali zima hawezi kudanganywa na namba.

Na hapa niseme habari ya riba. Novemba 2024 California waliidhinisha mkopo mwingine wa shule, dola bilioni 10. Wachambuzi wa bajeti wa bunge lao walikadiria kwamba kuulipa kungegharimu dola milioni 500 kila mwaka kwa miaka 35. Zidisha: ni bilioni 17.5. Jimbo linauza hati fungani kwa wenye mitaji, linapata fedha zote leo, kisha linawarudishia pamoja na riba kidogo kidogo kutoka kwenye kodi za kila mwaka. Mtu akikuambia kwamba mkopo huo ni wa bure, usimwamini. Lakini niulize: nani kati yetu alinunua nyumba hapa kwa fedha taslimu? Ulijua utalipa karibu mara mbili ya bei, ukatia sahihi, kwa kuwa watoto walihitaji pa kulala mwaka ule na si baada ya miaka thelathini ya kuweka akiba. Shule nayo iko hivyo. Watoto wanaokaa darasani lenye paa linalovuja leo watakuwa na ndevu kabla jimbo halijadunduliza bilioni kumi. Tena jengo litatumika nusu karne, kwa hiyo ni haki kwamba atakayelitumia mwaka 2050 naye achangie malipo yake.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niseme Hapana mara nyingine. Nikiona mkopo wa miaka thelathini unaoomba kununua vitu vitakavyochakaa kwa miaka mitano, nakataa. Nikiona mkopo wa kulipia mishahara ya mwaka huu, nakataa, kwa sababu mwaka kesho tatizo litakuwa pale pale na deni juu yake. Nikikosa kuona nani atakagua matumizi, natafuta hadi nijue, na nisipopata siweki alama ya Ndiyo. Ila niseme wazi kwamba kwa miaka niliyopiga kura, maswali mengi niliyoyasoma yalistahili. Yanatungwa na watu wanaojua kwamba wananchi wanaweza kuwaangusha, kwa hiyo masharti huwa yameandikwa kwa uangalifu.

Jambo la lugha linanikera, na nalitaja kwa sababu linawahusu wazee wetu. Sheria ya shirikisho inayolazimisha miji kuchapisha karatasi za kura kwa lugha nyingine, iliyoongezwa mwaka 1975, inahesabu makundi manne tu: wenye asili ya lugha ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Hapa Lowell karatasi zinapatikana kwa Kihispania na kwa Kikhmer cha ndugu zetu wa Kambodia. Kiswahili hakimo, na hata tukiwa wengi kiasi gani, kwa sheria ilivyo hakitaingia. Mzee aliyekimbia Kivu Kusini, akakaa kambini Tanzania miaka mingi, akapata uraia wa Marekani akiwa na miaka sabini, anapewa ukurasa mzima wa Kiingereza cha wanasheria na kuachwa nao.

Lakini kuna mlango mwingine, na wengi hawaujui. Sheria hiyo ya haki za kura, kwa kifungu kilichoongezwa 1982, inampa mpiga kura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutoweza kusoma na kuandika haki ya kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa binti yake, jirani, au mtu wa kanisani. Asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mweleze msimamizi wa kituo unapoingia. Kazi ya msaidizi ni kusoma na kueleza, na uamuzi unabaki kuwa wa mzee.

Bora zaidi ni kusoma kabla ya siku yenyewe. Hapa Massachusetts ofisi ya Katibu wa Jimbo hutuma kwa posta kijitabu chekundu chenye kila swali la jimbo, maana ya Ndiyo, maana ya Hapana, na hoja fupi ya kila upande. Mwaka 2022 tulikisoma pamoja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, viti vimepangwa duara, watu wa Kenya, wa Kongo na familia mbili za Kirundi. Mmoja alisoma Kiingereza, mwingine akaeleza kwa Kiswahili, na binti wa sekondari akamalizia kwa Kirundi pale bibi yake alipokunja uso. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, kwa sababu kila mtu alikuwa na la kuuliza, na maswali yao yalikuwa mazito kuliko nusu ya yale niliyoyasikia kwenye televisheni. Misikiti inaweza kufanya hivyo baada ya Ijumaa. Vyama vyetu vya akina mama vinakutana kila mwezi tayari.

Onyo moja, na tafadhali lisambazeni: kama huna uraia, usipige kura, hata mtu akikuambia kwamba green card inatosha. Haitoshi, na kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Kazi nyingine zote zinakungoja: kueleza, kutafsiri, kukaa na watoto wa mwenzako akienda kituoni, kumwendesha mzee asiye na gari. Mwenye uraia ambaye hajajiandikisha, hapa Massachusetts mwisho ni siku kumi kabla ya uchaguzi, na unaweza kuomba karatasi ya kura kwa posta bila kutoa sababu yoyote. Ikifika nyumbani unaweza kukaa nayo mezani usiku mzima, ukasoma kila swali polepole.

Karatasi za mfano huwekwa hadharani wiki kadhaa kabla ya kura. Nitumie picha ya ile ya mji wako, pande zote mbili, uniambie uko jimbo gani. Nitaisoma, nikueleze kwa Kiswahili fedha zinaombwa kwa kazi gani, nani atazilipa na kwa miaka mingapi, kisha uamue.